Hajambo, Ila

Kwetu Tanga, nilipokuwa mtoto, Mgiriki alikuwa mtu mmoja tu: mwenye shamba la mkonge. Baba alikata mkonge wake miaka kumi na saba, na kila alipomtaja alishusha sauti hata akiwa chumbani kwake, utadhani mwenye shamba kajificha uvunguni. Basi mwishoni mwa miaka ya sitini nikapelekwa Stockholm kujifunza upishi wa hospitali. Siku ya kwanza jikoni nikakalishwa mbele ya gunia la viazi pamoja na mwanamke wa Kigiriki, naye kashika kisu kama changu. Nilisahau hata kumwamkia. Sikuwa nimepata kumwona Mgiriki akimenya kiazi.

Alinizidi miaka kumi hivi. Mumewe alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na wanajeshi walipotwaa serikali kwao, mume na mke walikimbia, paspoti zao zikafutwa. Mama yake alibaki Nafplio, mji wa bandari wa zamani sana, wenye ngome tatu. Mama huyo hakujua kusoma. Barua za binti yake alisomewa na jirani, na kabla ya jirani zilikuwa zimeshasomwa na polisi, kwa hiyo ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya mvua na baridi. Simu nyumbani hakuwa nayo. Tangu wakimbie, mama na binti walikuwa hawajasikiana sauti.

Tulizungumza Kiswidi, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Mimi nilimwita dada, kwa Kiswahili, kwa sababu Waswidi siku zile ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuitana "du", yaani "wewe", wote, mkubwa kwa mdogo, na ulimi wangu ulikataa katakata. Siku moja aliniona nikimwandikia mama yangu barua kwa herufi za Kiarabu, maana mama hakusoma nyingine. Akaniambia kwao kuna bomba la maji la Waturuki wa zamani, limejengewa ukutani kwa mawe, lina maandishi kama hayo, na nyumba ya mama yake iko ngazi chache juu yake. Tulikuwa tumekaa kwenye mapumziko ya kahawa, yale ambayo Waswidi huyaita "fika". Kila siku saa tatu wanakuambia fika, na wewe umefika tangu saa kumi na mbili. Nilimweleza utani huo mara nyingi mno, na kila mara alicheka, kwa hisani yake.

Kiangazi changu cha pili huko, mpishi mkuu wetu, mama wa Kiswidi aliyekaribia kustaafu, alikuwa amelipia safari ya watu wawili: ndege mpaka Athene, kisha meli ya starehe wiki nzima, leo kisiwa hiki, kesho bandari ile. Ndugu yake akaanguka akavunjika nyonga. Mpishi mkuu akatangaza mbele ya jiko zima kwamba nafasi ile ni yangu.

Furaha yangu haikuwa safi. Vijana wengi wa Kiswidi walikuwa wakisema mtu asiende kutalii Ugiriki mpaka wanajeshi waondoke, na karatasi ya kusema hivyo ilikuwa imebandikwa chumba cha kubadilishia nguo. Nilikwenda kwa dada nikiwa na hakika atanikataza, na wallahi angenikataza nisingekwenda. Yeye aliichukua orodha ya bandari, akaishusha kwa kidole mpaka kidole kikasimama. Nafplio, Jumatano, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi.

"Wengine wote wasiende," akasema. "Wewe nenda. Nenda ukamwone mama."

Kwa wiki mbili alifuma viatu vya ndani vya sufu nyekundu. Nyuma ya karatasi ya menyu ya wagonjwa alinichorea njia: gati, uwanja wa mji, bomba la Waturuki, ngazi, mlango wa buluu. Barua hakunipa, asije akaniponza. Aliniambia, "Mwangalie tu. Njoo uniambie anatembeaje."

Meli ilitia nanga mbali kidogo, tukashushwa kwa mashua za injini. Katikati ya maji kuna ngome ndogo imesimama peke yake, na juu ya mji kuna nyingine kubwa mlimani, na wenyeji wanasema ngazi zake ni elfu moja kasoro moja. Vichochoro vimepanda na kushuka, roshani zimefunikwa na maua, na katika uwanja wa mji sakafu ni ya marumaru iliyosuguliwa na nyayo mpaka inateleza. Wazee walikaa vibarazani wakichezea kitu nilichodhani ni tasbihi, nikafurahi, mpaka nilipoona wanazirusharusha na kusengenya.

Na sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka. Sikwenda kwa mama yule moja kwa moja. Nilikuwa na saa nane nzima, na nilikaa uwanjani na mpishi mkuu nikala aiskrimu. Mhudumu alinivutia kiti. Maishani mwangu sikuwa nimevutiwa kiti na mtu yeyote, na mhudumu huyu alikuwa Mgiriki, na nilimwona baba yangu na panga lake kwenye safu za mkonge, nikaagiza aiskrimu ya pili. Kisha mpishi mkuu akataka tupande ngome. Tulipofika ngazi ya mia mbili hivi magoti yake yakagoma, tukakaa tukaitazama meli yetu huko chini. Nilijiambia bado mapema. Viatu vya sufu vilikuwa mkobani, navyo vilikuwa vinanitia joto pajani.

Saa nane mji ulianza kufunga madirisha ili watu walale. Hapo ndipo nilipoagana na mpishi mkuu nikashika karatasi yangu. Mashua ya mwisho ilikuwa saa tisa.

Bomba lilikuwepo. Maandishi yalikuwa Kituruki, lakini herufi nilizijua zote, na neno la maji nililitambua. Nilisimama pale nikajisikia nimefika kwetu. Nikapanda ngazi, nikabisha mlango wa buluu.

Alifungua jirani, mwanamke mnene mwenye nguo nyeusi, aliyepata kufanya kazi kiwandani Ujerumani. Kijerumani chake na Kiswidi changu ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, kwa hiyo neno moja kati ya matatu tuliliona sura. Nilisema jina la dada. Akanivuta ndani kwa mkono.

Mama alikuwa kitandani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Nilipotoa viatu vya sufu alivibusu, akavinusa, akataka avishwe. Jirani alijaribu, nami nikajaribu. Hata kidole gumba hakikuingia. Basi akavikumbatia kifuani, na kwa mkono mwingine akanishika mimi, akawa haniachi. Alisema maneno mengi. Jirani akayapunguza.

"Mgonjwa," akasema, akionyesha moyo, kisha miguu. "Daktari kasema. Vinta..." akatikisa kichwa. "Nain. Vinta, nain."

Baridi, hapana. Hilo lilihitaji mkalimani gani?

Kisha akararua kipande cha pakiti ya sigara, akaandika namba ya simu. Ni ya kibanda cha magazeti kona ya uwanja. Mwenye kibanda amekubali, akasema, polisi wa mtaa hayupo Jumapili. Jumapili, baada ya kanisa, mpaka saa sita. Binti apige. Jumapili yoyote. Mama atakuwepo. Alirudia mara tatu, akinigonga kifuani kwa kidole, mpaka na mimi nikarudia: Jumapili, simu, mama. Yule mama alinitazama mdomo nikisema, naye akatikisa kichwa kukubali. Niliahidi kwa Kiswidi, nikaongeza inshallah, nikatoka mbio. Nilikaa nusu saa tu. Mashua iliningoja kwa dakika mbili na watu wakanipigia makofi.

Jumatatu iliyofuata niliingia jikoni. Dada alikuwa ameshakaa mbele ya viazi, kisu mkononi, uso umegeukia mlango.

"Mama?" akauliza.

"Hajambo," nikasema. Kwa Kiswidi nilisema: yuko vizuri.

Mtu wa kwetu hatanilaumu bado. Kwetu ukiulizwa habari, hata kama nyumba imeungua, kwanza ni nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Mama hajambo? Hajambo. Kisha kimya kidogo. Hajambo kabisa? Hajambo, ila... Hapo ndipo habari inapoanza. Muulizaji analijua hilo; anavuta kiti, anakaa, anauliza mara ya pili, na wakati huo moyo wake umeshapata pa kushika. Anayeutupa msiba mlangoni tunasema hakufunzwa na mamaye. Mimi nilifunzwa. Nilisema hajambo, nikavua koti, nikangoja kiti kivutwe.

Kisu kilidondoka ndani ya maji ya viazi. Alinikumbatia, akanibusu viganja vyote viwili na maji yake ya viazi, akalia, akacheka, akawapigia kelele wenzetu: mama yuko vizuri! Jiko zima likashangilia. Mpishi mkuu akajifuta macho kwa aproni. Na mimi nimesimama katikati yao, "ila" yangu imekaa mdomoni kama mwiba wa samaki.

"Viatu vimemtosha?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali la pili. Halikuwa lile nililolingoja, lakini lilikuwa mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nikasema vimemtosha. Nikasema alivivaa papo hapo, akanisindikiza navyo mpaka mlangoni.

Hilo si adabu tena. Hilo ni uongo, na kwetu pia lina jina hilohilo.

Kesho yake alileta keki kwenye mapumziko, ile ya Waswidi iliyofunikwa kijani kama kilemba, na akanikatia kipande cha kwanza. Sikuwa nimewahi kupendwa vile katika nchi ile. Alinisimulisha tena alivyotembea mama yake, na kila nilipomsimulia, mama aliongeza hatua. Wiki ya tatu alikuwa ameshafika kwenye bomba la Waturuki. Kila mtu jikoni alianza kuniita kwa upole. Mama wa Kiswidi wa kuosha vyombo, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuniambia neno, alinifumia kofia.

Kile kipande cha pakiti ya sigara nilikitia ndani ya msahafu wangu, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo nisingethubutu kukitupa. Matokeo yake nikaacha kuufungua msahafu. Jumapili ya kwanza nilijilaza kwa makusudi mpaka saa sita ipite. Ya pili nilifua nguo zilizokuwa safi. Kila Jumapili saa sita ilipopita nilipata nafuu, nikajiambia nitasema Jumatatu. Na kila Jumatatu dada aliniuliza nimelala vizuri, nami nikajibu vizuri. Dawa ya moto ni moto, lakini dawa ya uongo sikuijua, na kila siku iliyopita ilinidai nieleze siku zilizotangulia. Nilimchukia kidogo pia. Nilimchukia kwa kuniamini upesi hivyo.

Mwisho wa Novemba madirisha ya Hagsätra, kitongoji nilichokuwa naishi, yalikuwa yameanza kuwashwa nyota za karatasi za kungoja Krismasi. Jumamosi mchana nilikuwa kwa jirani yangu wa ghorofa ya juu, muuguzi kutoka Mombasa, tunasonga ugali wa semolina, ambao si ugali lakini tulikuwa na adabu nao. Akaniuliza habari.

"Nzuri," nikasema.

Akaweka mwiko chini. Akavuta kiti.

"Nzuri kabisa?"

Nililia mpaka ugali ukaungua. Nilimweleza yote, aiskrimu mpaka keki. Alinisikiliza bila kunikatiza, na huyo ni mtu ambaye hukatiza hata adhana.

"Sasa huyo mwenzio alikuuliza mara ya pili?" akasema.

"Hakuuliza."

"Na ni Mgiriki! Ataulizaje? Nani kamfunza?" Akasimama. "Mama wa watu yuafa kule, nawe huku wala keki! Kesho si Jumapili? Kesho wenda. Usiponenda, n'takwenda mimi, na hilo jina lako, mwongo, nitalisema mbele ya watu."

Dada aliishi vituo vitatu kutoka kwangu. Nilifika kwake Jumapili asubuhi kabla ya saa tatu. Alifungua mlango amevaa aproni, akatabasamu, akafungua mikono.

Safari hii sikuamkia. "Mama yako anaumwa," nikasema. "Alikuwa anaumwa siku ile niliyomwona. Viatu havikumwingia. Alitaka umpigie simu." Nikampa kipande cha pakiti.

Alikisoma. Hakunipigia kelele, na mpaka leo natamani angenipiga. Alivaa koti juu ya aproni, akashika mkoba, akatoka, nami nikamfuata kwa sababu hakuniambia nisimfuate. Ndani ya treni alikaa kiti cha mbele yangu akitazama nje, na nje kulikuwa na theluji chafu na kuta za mahandaki. Kwenye ofisi ya simu ya mjini aliagiza simu ya Ugiriki, tukaambiwa tungoje. Tulingoja dakika arobaini kwenye benchi moja. Kibanda namba nne, wakaita. Aliingia, kisha akaushika mlango kwa mguu, usijifunge, nikaelewa kwamba ananitaka niingie.

Alimpata mwenye kibanda cha magazeti. Akamngoja aende akamwite jirani. Nilisikia sauti ya mwanamke yule mnene kwenye waya, ikiwa ndogo na kali. Dada alisikiliza sana. Kisha, bila kunitazama, akaanza kunitafsiria kwa Kiswidi, sentensi moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma menyu ya wagonjwa.

"Amekufa Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Juzi wamemfanyia siku tisa."

Waya ukaendelea kusema.

"Walikuwa wanambeba juu ya kiti. Huyu na mwenye kibanda. Kila Jumapili, mpaka aliposhindwa kukaa. Walimweka hapa karibu na simu, na blanketi miguuni, mpaka saa sita."

"Simu ikilia ya mtu mwingine, alikuwa anasema, ndiye."

"Wakimwambia warudi nyumbani, alikuwa anakataa. Alikuwa anasema, yule msichana ameahidi."

Hapo ndipo aliponigeukia. Hakuwa akilia. Mkono mmoja aliuweka juu ya mdomo wa simu, ili jirani kule Nafplio asisikie.

"Wiki kumi na moja," akasema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja uniulize mara ya pili," nikasema.

Alinitazama akilitafuta jambo ndani ya maneno yale, kwa uvumilivu, kama alivyokuwa akifanya tangu siku ya kwanza kila Kiswidi changu kilipokwama. Hakulipata. Akarudi kwenye simu, akaegemea ukuta, akanipa mgongo.

Jibu langu lilikuwa la kweli kwa dakika moja, ile ya kuvua koti. Wiki kumi na moja zilizobaki sikuwa nangoja kitu. Nilikuwa nashukuriwa, na nilipenda, na mama wa mtu alikuwa amekaa juu ya kiti uwanjani akinitetea.